Mama Pini wa Ng'ambo ya Jukwaa

Mke wangu aliongea na pini mdomoni. Ndiyo maana wakamwita Mama Pini. Ukimsalimia akiwa kazini alikuitikia kwa pembe moja ya mdomo, pembe ya pili imebana pini. Nilimwambia mara nyingi, iko siku utameza. Akasema akimeza nisiogope, atakuwa ameshonwa ndani pia.

Binti yetu ndiye anayeandika haya. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwonya asipambe. Mama yake hakupenda mapambo, ingawa kazi yake ilikuwa kupamba watu.

Alikuwa mshonaji wa ukumbi wa michezo ya kuigiza. Ukumbi wetu si mkubwa. Viti vya mbao, jukwaa la mbao, paa la bati. Mvua ikinyesha, hata wapenzi wanaoagana kwa siri hubidi wapayuke. Michezo ya pale mingi ni ya kale. Aliyeitunga hajulikani, na kaburi lake halijulikani. Ndugu wanaogombea kiti. Baba anayemkana mtoto. Wawili wanaopendana na nyumba zao haziamkiani. Watu huja, hulia, hucheka, mwaka unaofuata hurudi kulia palepale.

Nilimuuliza mke wangu zamani, mbona hawachoki? Akasema michezo ile ni kama nguo. Kitambaa hubadilika, mtindo hubadilika, mwili ni uleule. Kiuno kiko palepale tangu mtu wa kwanza.

Tulikutana kwa sababu ya pazia. Pazia lilichanika, nami nilikuwa seremala, nimeitwa kutengeneza kapi ya kamba. Yeye kaitwa kushona. Mimi nikawa juu ya ngazi nimeshika kitambaa, yeye chini na sindano ya magunia. Akashona kwa kasi, haangalii pembeni. Nilipomaliza nikashuka, pazia likanifuata. Alikuwa ameshona na mguu wa suruali yangu.

Waigizaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nikamwambia, haya, dada, umenishona. Sasa utanifumua au utaniweka?

Akatoa pini mdomoni, moja moja. Akanitazama.

"Ngoja kwanza nione kitambaa chenyewe," akasema.

Basi nikabaki. Ukumbi ulikuwa unatafuta mvuta pazia. Nikawa mimi.

Sasa nieleze mahali penyewe, maana bila hivyo habari hii haieleweki. Kamba ya pazia iko upande wa kushoto wa jukwaa, nyuma ya ubao mrefu. Aliyejenga hakumfikiria mvuta kamba. Ukikaa pale huoni jukwaa. Unaona mwanya tu kati ya ubao na ukuta, na kwenye mwanya ule unaona ng'ambo, upande wa kulia, ambako ndiko nguo zilikotundikwa na ndiko mke wangu alikokuwa akikaa.

Halafu mimi sikusoma. Herufi ninazozijua zinatosha jina langu. Mwingine angepewa kitabu cha mchezo akafuata maneno. Mimi nilipewa mke. Wakati wa kufunga ukifika, alichukua kitambaa cheupe akanipungia mara moja. Nikavuta. Miaka yote ile sikukosea hata mara moja. Wanaume wengine huitwa kazini wakaacha wake zao nyumbani. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwangalia mke wangu.

Pembeni ya kamba niliweka sanduku langu la vifaa, ndilo kiti changu. Ni refu. Watu wawili wanatosha, kama mmoja atasogea. Pazia la mwisho likifungwa, Mama Pini alipita nyuma ya jukwaa akaja kukaa pale. Akavua viatu. Akatoa pini mdomoni. Kisha akaanza kunihadithia mchezo nilioufungia pazia.

Hapo ndipo ungemwona. Mtu wa maneno machache, lakini akianza mchezo anakuwa watu saba. Mfalme anapoapa, sauti yake inakuwa nene. Malkia anapojibu, anakunja mikono hivi. Njiani kwenda nyumbani tulisimama kila baada ya nyumba mbili kwa sababu lazima anionyeshe jinsi mjumbe alivyoanguka. Majirani walizoea. Walijua Mama Pini akipiga magoti barabarani, mji fulani umetekwa.

Mchezo alioupenda kuliko yote ni wa ghala. Nauweka hapa kwa ufupi. Mji umezingirwa na adui, njaa imeingia. Kuna ghala moja la nafaka. Mfalme anaapa mbele ya watu wote: atakayelifungua kabla ya siku aliyoipanga, awe nani awaye, atatolewa nje ya lango na hatarudi. Ghala linafunguliwa. Mfalme anamtafuta mwizi. Kila akitafuta anaapa zaidi. Nasi tunajua. Aliyefungua ni Malkia, mkewe, kwa ajili ya watoto wa walinzi. Ufunguo uko kiunoni mwake, chini ya nguo. Mwisho mfalme anauona. Sheria ni yake, kiapo ni chake, mke ni wake. Anaamuru lango lifunguliwe. Malkia anatoka. Mfalme anabaki na ufunguo wa ghala tupu.

Hapo mke wangu alikuwa anashusha sauti. Alisema hivi, na aliyasema kila mara bila kubadilisha:

"Mfalme anakaa juu ya gunia. Anaangalia lango. Kisha anasogea kidogo, Fundi. Anamwachia mke nafasi. Amesahau kwamba haji."

Fundi ndiye mimi. Aliniita hivyo tangu siku ya suruali.

Kisha pazia. Kulikuwa na kimya kabla ya pazia lile, na kimya kile kilikuwa na sifa. Watu waliotoka mbali walikuja kukisikia. Wengine walisema huo ndio uigizaji wa kweli, wengine walisema mwongozaji wa zamani alikuwa na akili kubwa. Yule mwongozaji naye alipokea sifa, hakukataa. Lakini aliyekuwa akipunga kitambaa ni Mama Pini, na Mama Pini hakusema.

Amefariki. Alilala, hakuamka. Kama mtu aliyefika mwisho wa mshono akakata uzi. Zaidi ya hapo binti asiandike.

Ukumbi ulifungwa kupakwa rangi, ukafunguliwa na mwongozaji mpya. Kijana, msomi, mpole. Sote tulimwita Mwalimu. Alitaka kuanza na mchezo wa ghala. Mfalme akawa yuleyule, Malkia akawa yuleyule. Mfalme wetu kazi yake ni kinyozi. Malkia anauza vyombo vya jikoni, na sokoni wanamwita Malkia hata wanaomdai punguzo. Alikuwa rafiki wa mke wangu, shoga wa kufa na kuzikana. Mimi ananiita shemeji.

Mwalimu aliniwekea taa. Taa ndogo ya kijani, juu ya kamba. Yeye atakaa ukumbini na swichi, akibonyeza taa inawaka, navuta. Ni kitu chepesi. Akaniuliza kama mchezo naujua. Nikamwambia naujua wote. Akaniuliza niliuona mara ya mwisho lini. Nikamwambia sijauona.

Akadhani natania. Malkia akamwambia hatanii.

Basi Mwalimu akanishika mkono kama mgeni, akanikalisha mstari wa mbele. Kiti kilikuwa kigumu. Sikujua, miaka yote, kwamba viti vile ni vigumu. Wakaanza mazoezi.

Nitasemaje? Nilikuwa naujua mchezo ule neno kwa neno, na sikujua kitu. Mfalme alipoapa mara ya kwanza, nywele zilinisimama. Kinyozi yule ninayemjua, anayekopa sabuni, alikuwa mrefu kama nguzo. Alipoapa mara ya pili nikajikuta nimeinuka. Nikamwambia usiape, mwanangu, usiape, tafuta kwanza. Mazoezi yakasimama. Mfalme akaniangalia kutoka jukwaani.

"Mzee Kamba," akasema, "nami natamani nisiape. Lakini imeandikwa."

Wakacheka, wakaendelea. Nilikaa juu ya mikono yangu ili isiniponyoke. Malkia alipopita karibu na mfalme na ufunguo umefichwa kiunoni, nilimkodolea mfalme macho nimwonyeshe. Mtu anatafuta usiku na mchana, na kitu kinalala naye kitanda kimoja. Hilo si jambo la wafalme. Hilo liko mtaani kwetu, liko mtaani kwako.

Mwishoni lango likafunguliwa, Malkia akatoka. Mfalme akakaa juu ya gunia. Mwalimu akapiga makofi, akasema basi, keshokutwa tena.

Nami nikasubiri. Nilidhani ile ya kusogea wameiacha kwa ajili ya siku yenyewe, kama mtu anavyoficha nguo mpya.

Nilitoka pale nikitembea kama kijana. Nilikwenda moja kwa moja kwa binti yangu. Tangu msiba nilikuwa nakaa kwake jioni bila kusema neno, nakunywa chai, naondoka. Siku ile nilisimama katikati ya sebule nikamwonyesha jinsi mfalme anavyoapa. Nikapiga meza, kikombe kikaanguka. Binti akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Nikamwambia sina homa, nina mfalme mpumbavu. Akakaa chini akasema, haya, Baba, nihadithie tangu mwanzo. Nikamhadithia. Katikati akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Anasema nilikunja mikono ya Malkia kama mama yake.

Kesho yake nikaenda kwa kinyozi kunyolewa. Nilikuta mada ni hiyohiyo. Wateja wake wanajua mchezo, baba zao walikuwa wakiuangalia. Fundi baiskeli akasema mfalme hana kosa, sheria isiyomgusa mke wa mtu si sheria. Mwenye duka la dawa akasema sheria gani inayofukuza mtu aliyelisha watoto, huyo mfalme alipaswa ajifukuze yeye. Fundi baiskeli akamuuliza, je, angekuwa mke wa jirani, ungesema hivyo? Mwenye duka la dawa akasema jirani yake hana ghala. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri, sikumjua, akasema yeye aliwahi kumfukuza mwanawe kwa kiapo. Hakuna aliyemuuliza. Tukarudi kubishana kwa nguvu zaidi, kama tunamfunika blanketi.

Wakamgeukia mfalme mwenyewe. Ulifanya sawa au hukufanya? Kinyozi alikuwa na wembe kwenye shingo ya fundi baiskeli. Akasema yeye ni mwamuzi wa haki, aliye upande wake ainue mkono. Fundi baiskeli akainua yote miwili.

Mimi nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Mchezo ulitungwa na mtu ambaye hata mifupa yake haipo, na watu wazima wanagombana juu yake kama jambo limetokea jana nyuma ya soko. Nikatamani kufika kwa Mama Pini nimwambie. Nilifika hadi mlangoni nikiwa bado natamani.

Siku iliyofuata nikashika kamba. Nikakaa kwenye sanduku langu nyuma ya ubao. Ng'ambo, kwenye mwanya, nguo zilikuwa zimetundikwa. Mtu hakuwepo. Mshonaji mpya alifanyia kazi chumba cha nyuma, huko kuna mwanga.

Mchezo ukaenda. Niliusikia, na sasa kila sauti nilikuwa naiona. Lango likalia. Gunia likalia, mfalme amekaa. Taa ya kijani ikawaka.

Sikuvuta. Nilijua kilichobaki.

Taa ikazima, ikawaka tena. Nikasubiri. Mwalimu akaja mwenyewe akifuta miwani, akaniuliza kama taa naiona. Nikasema naiona. Wakarudia mwisho ule. Taa ikawaka, sikuvuta. Safari hii walikuja wote, Mwalimu, Mfalme, Malkia. Wakaniuliza nasubiri nini.

Nikawaambia mfalme bado hajasogea, kama Mama Pini alivyonihadithia.

Wakatazamana. Mwalimu akafungua kitabu chake, akafuata kwa kidole, akanisomea kwa upole: mfalme anaketi juu ya gunia, pazia. Hakuna cha kusogea. Nikamgeukia kinyozi. Akasema miaka yote aliyokaa juu ya gunia lile hajasogea hata siku moja, gunia lenyewe lina mahindi ya kweli, linachoma. Akasema labda shemeji yake marehemu alimchanganya na mfalme mwingine.

Malkia akamkatiza. Mama Pini hakuwa mtu wa kuchanganya wafalme, akasema. Aliwashona mwenyewe.

Hatukufika mahali. Wakarudia, nami nikafuata taa. Gunia likalia, taa, nikavuta. Nilifanya kama nilivyoambiwa. Na mchezo ukafa. Hata mimi nyuma ya ubao nilisikia ukifa. Mfalme akatoka akisema pazia limemfunika hata hajakaa vizuri, kama maiti ya haraka. Mwalimu akasema tuongeze muda kidogo. Akaongeza. Ikawa ndefu bila sababu. Akapunguza. Kile kimya cha zamani hakikuja. Mwalimu alikuwa amesoma habari zake kwenye gazeti alipokuwa mwanafunzi, ndicho kilichomleta kwetu. Nilimwonea huruma.

Akaniita pembeni. Akasema, Mzee wangu, siku ya kufungua ni Jumamosi mchana, ukumbi utajaa. Mota ya pazia imeshanunuliwa, iko kwenye boksi lake stoo. Hataki kuifunga. Lakini siku ile pazia likikosea, Jumapili fundi wa umeme atakuja kuifunga. Alisema akiangalia viatu vyake.

Sikumlaumu. Ila nilikwenda nyumbani nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nyumbani kuna kitanda na viti viwili. Ukumbini kuna kamba, na ng'ambo ya kamba kuna mwanya. Nikitolewa pale, nitaangalia wapi?

Jumamosi asubuhi nikaenda mapema na keekee. Nikatoboa tundu kwenye ubao, usawa wa jicho langu nikiwa nimekaa. Sikumuuliza mtu. Miaka yote sikuhitaji tundu, nilichotaka kukiona kilikuwa kwenye mwanya. Sasa nilitaka kumwona mfalme.

Watu walianza kuingia jua likiwa bado kali. Niliwachungulia. Fundi baiskeli na mwenye duka la dawa wamekaa pamoja, wameanza kubishana kabla ya mchezo. Yule mzee wa kiapo nilimwona, mstari wa nyuma, peke yake. Binti yangu mstari wa mbele. Ukumbi ulivuma kama mzinga. Mikono yangu ilitoka jasho, nikaipaka vumbi la mbao. Mfalme alipita akanigusa bega, taji limekaa upande. Nikalinyoosha. Hiyo ilikuwa kazi ya Mama Pini.

Nikafungua pazia.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mfalme alipoapa, ukumbi ulivuta pumzi kwa pamoja. Alipoapa tena, mwanamke mmoja akaguna, ole wako. Malkia alipoingia na ufunguo kiunoni, hata watoto walinyamaza, na hakuna aliyewaambia. Mlinzi alipoleta mtoto wake mbele ya mfalme kushukuru, bila kujua anamshukuru nani mbele ya nani, nilisikia mwenye duka la dawa akisema kwa sauti, mwambie, mama, mwambie sasa. Malkia hakusema. Nikauma mkono wangu wa shati.

Ufunguo ukaonekana. Ukaanguka kwenye mbao, ko. Mfalme akauokota. Alikaa nao muda, kisha akasema neno lake, na sauti ilikuwa ndogo kuliko siku zote. Lango lifunguliwe.

Malkia akatoka bila kugeuka. Lango likafungwa.

Mfalme akakaa juu ya gunia. Taa ya kijani ikawaka.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kamba. Nilikumbuka onyo la Mwalimu. Nilijua mota iko kwenye boksi. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye tundu, na yule mtu juu ya gunia alikuwa anaangalia lango, na nilimjua. Hakuwa kinyozi, wala hakuwa mfalme. Alikuwa mtu ambaye bado hajajua. Akili imeambiwa, mwili haujaambiwa. Kumfunika wakati ule ni kumzika akiwa mzima.

Taa ikazima. Ikawaka. Ikazima, ikawaka, kama mtu anayebisha hodi. Sikuitika.

Mfalme akasogea.

Hatukupanga. Alisogea kidogo tu juu ya gunia, kama unavyompisha mtu anayekuja kukaa. Akabaki hivyo. Kisha akaweka kiganja mahali alipopaacha wazi. Polepole akakitazama kiganja chake.

Nikavuta.

Hakukuwa na sauti. Niliogopa. Nikasema moyoni, haya, Fundi, umeharibu. Kisha ukumbi ukaanguka. Makofi, miguu kwenye mbao, bati juu likatetemeka. Kupitia tundu, pembeni ya pazia, nilimwona yule mzee wa nyuma ameinuka, anafungua njia kati ya viti, anatoka kwa haraka kama mtu aliyekumbuka anakokwenda.

Mwalimu alikuja mbio, miwani mkononi. Nilinyooka nimsikilize. Akanikumbatia, kamba na yote.

"Mzee wangu," akasema, "hiyo taa kesho naing'oa."

Mota, kwa habari yako, sasa inavuta maji ya kisima.

Nikamuuliza kinyozi kwa nini alisogea. Akajifuta uso kwa mkono wa joho, kitu ambacho Mama Pini asingemsamehe. Akasema hajui. Alikaa, akamkumbuka shemeji na maneno yake ya kusogea, akaona ni kweli, angekuwa yeye angesogea. Lakini kitu kimoja kinamsumbua, akasema. Mama Pini alimwona nani akisogea? Maana yeye hakusogea kamwe.

Malkia alikuwa amevua mtandio wake mweupe. Ndicho kile kitambaa. Akasema hata yeye anashangaa, kwa sababu ng'ambo ile gunia halionekani. Akitoka langoni, Mama Pini alikuwa akimvua mtandio kichwani, harakaharaka, kisha anasimama nao kwenye nguzo anaangalia upande huu. Anaangalia tu, ametulia. Ukimsemesha hajibu. Mara uso unakunjuka, anapunga.

Nikauchukua ule mtandio, nikasema naenda kuutundika.

Nilipita nyuma ya jukwaa, njia yake. Upande ule sikuwahi kusimama, kazi yangu haikuwa huko. Nguzo ilikuwa pale, imechakaa usawa wa bega lake. Msumari wa mtandio, na pini chache zimechomekwa kwenye mbao, zina kutu. Nikaegemea alipoegemea. Nikaangalia.

Lango la mfalme lilikuwa limeziba kila kitu. Gunia huoni. Mfalme huoni. Malkia huoni. Jukwaa lote, michezo yote aliyonihadithia barabarani akipiga magoti, kutoka pale ni sauti tu. Kinachoonekana ni mwanya mmoja ng'ambo, na ndani ya mwanya kuna kamba, na sanduku langu, na mwanga kidogo.

Kinyozi alikuwa amekaa kwenye sanduku langu anavua viatu. Malkia akaja amechoka, ameshika kiuno. Kinyozi hakuinua hata kichwa. Akasogea kidogo, akamwachia nafasi.

Nilikaa pale nguzoni.

Kwa hiyo ndivyo. Kila mchezo ukikaribia mwisho, mimi nilijua anakuja kukaa. Mtu husogea. Hata hajui kwamba anasogea. Mimi miaka yote nilingoja kitambaa. Kitambaa nacho kilikuwa kinaningoja mimi nisogee.

Sikujua la kufanya na mkono wangu wenye mtandio. Nikatoka hatua moja mbele ya nguzo, nikapunga mara moja.

Kinyozi akaniona. Akadhani ni kazi. Aliruka kwenye kamba na kiatu kimoja mguuni, akavuta, na pazia likafunguka.

Watu hawakuwa wameondoka wote. Walikuwa wamesimama kati ya viti wanabishana, sheria au mke, mke au sheria. Wakageuka. Wakaniona nimesimama jukwaani, mzee wa kamba, na mtandio wa malkia mkononi. Fundi baiskeli ndiye aliyeanza kupiga makofi, nao wengine wakafuata.

Binti yangu alikuwa pale mbele. Anasema nilicheka. Mimi sikumbuki. Nimemwambia aandike alivyoona.